Dawa ya saratani inaweza kufuta alama za vidole. Kaunta ya hospitali imejipanga?

DESEMBA 2008, mzee mmoja wa miaka 62 kutoka Singapore alishuka ndege Marekani akienda kuona jamaa zake. Maafisa wa uhamiaji wakamwambia aweke vidole kwenye mashine. Mashine haikuona kitu. Alizuiliwa takriban saa nne, hadi walipohakikisha kwamba hakuwa tishio kwa usalama wa mtu yeyote.

Mzee huyu hakuwa amechoma vidole kwa asidi kama majambazi wa sinema. Alikuwa mgonjwa wa saratani. Kwa zaidi ya miaka mitatu alikuwa akimeza kapesitabini, tembe za kemo ambazo wengi wanazijua kwa jina la Xeloda, na ni dawa hiyo iliyofuta alama za vidole vyake. Daktari wake aliandika kisa hicho mwaka wa 2009 katika jarida la kitabibu la Annals of Oncology, akashauri wagonjwa wanaotumia tembe hizo wabebe barua ya daktari wanaposafiri.

Miaka hiyo hapa kwetu ungeisoma kama kioja cha ughaibuni, ucheke, uendelee na maisha. Leo si kioja tena. Leo kidole kinafungua simu, kinakupa kitambulisho, kinakutambulisha kwenye kituo cha kura. Na sasa kinatakiwa hospitalini kabla bima ya serikali ikulipie matibabu.

Hapo ndipo shida ilipo. Mgonjwa anayehitaji bima hiyo kuliko wengi wetu ndiye anayeweza kufika kwa kaunta bila alama ya kidole.

Kwanza, dawa hii inafanya nini?

Kapesitabini ni kemo ya kumeza. Hutumika sana kwa saratani ya matiti, utumbo mpana na tumbo. Wagonjwa wengi huimeza siku 14 mfululizo, kisha wanapumzika siku saba, halafu wanaanza upya. Ndiyo maana utasikia mtu akisema "niko raundi ya nne". Kila raundi ni wiki tatu.

Ikishaingia mwilini inabadilika kuwa kemikali inayozuia seli zisigawanyike. Seli za saratani zinagawanyika haraka, kwa hivyo zinapigwa. Lakini saratani haiko peke yake kwa kugawanyika haraka. Ngozi yako nayo inajijenga upya kila mara, na ngozi ya viganja na nyayo ndiyo inayofanya kazi ngumu zaidi: inashika, inasuguliwa, inakanyaga. Kwa hivyo nayo inapata kipigo.

Zaidi ya nusu ya wanaotumia tembe hizi hupata shida ya mikono na miguu kwa kiwango fulani. Vitabu vingi vya kitabibu huieleza kama wekundu, kwa sababu picha nyingi zilipigwa kwa wagonjwa weupe. Kwa ngozi yetu, mara nyingi ishara ya kwanza ni weusi. Viganja vinaiva, mistari ya mkononi inakolea kama imechorwa kwa wino, nyayo zinakuwa ngumu. Halafu kunakuja ganzi na kuwashwa, ngozi inachubuka, na ikizidi unapata malengelenge na vidonda. Mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati.

Alama za vidole ni hadithi nyingine kidogo, na hapa wengi wanakosea. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliwafuatilia wagonjwa 66 waliokuwa wakitumia kapesitabini na kuchapisha matokeo mwaka wa 2017. Wagonjwa tisa kati yao, yaani asilimia 14, walipoteza alama za vidole kwa kiwango kikubwa. Kupotea huko hakukuenda sambamba na vidonda vya mikono. Kwa maneno mengine, mkono unaweza kuonekana sawa kabisa na bado mashine ikaukataa.

Habari njema ni kwamba alama zilirudi, wiki mbili hadi nne baada ya kuacha dawa.

Sasa piga hesabu. Mapumziko kati ya raundi ni siku saba. Alama zinahitaji wiki mbili hadi nne. Maana yake, kwa wale zinaowapotea, hazipati nafasi ya kurudi kabla ya raundi nyingine kuanza. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kukaa miezi bila kidole cha kusomeka, na ni miezi hiyo hiyo ambayo anaonekana hospitalini kila wiki tatu. Ili apate kidole cha kulipia dawa, ingebidi aache dawa.

Kwa nini hii ni habari ya sasa

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa saratani, kiwango kilichotangazwa mwanzoni kilikuwa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, pamoja na Sh150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Tumebishana sana kuhusu hizo hela kama zinatosha. Ni ubishi wa maana, lakini umefunika swali lingine: unathibitisha vipi kwamba wewe ni wewe?

Mwanzoni njia ya kawaida ilikuwa OTP, ile nambari ya siri inayoingia kwa simu. Ikaonekana ina mianya. Kuna vituo vilishukiwa kudai malipo ya wagonjwa ambao hawakutibiwa, na Agosti 2025 vituo kadhaa vikasimamishwa. Mwaka huo huo Wizara ya Afya, chini ya Waziri Aden Duale, ikasukuma hospitali ziache OTP na ziende kwa alama za vidole. Wazo ni kwamba nambari ya simu unaweza kumpa mtu, lakini kidole huwezi kumwazima.

Mimi sipingi wazo hilo. Pesa zinazoibwa kwa jina la wagonjwa hewa ni pesa za wagonjwa wa kweli. Mtu akiniambia mashine ya kidole itaziba hilo shimo, naelewa. Lakini mlango ukiwa mmoja tu, mwizi na mgonjwa wa kweli wanaweza kufungiwa nje pamoja.

Tena si wagonjwa wa saratani peke yao. Fundi wa mjengo, mama wa kufua nguo za watu, chuma chuma wa Gikomba, mzee wa miaka 80: vidole vya watu hawa huwa vimesuguliwa na kazi ama na umri hadi mashine inahangaika. India walijifunza somo hili kwa uchungu na mfumo wao wa Aadhaar, pale vibarua na wazee walipokataliwa chakula cha msaada kwa sababu vidole havikusomeka. Mexico nako, mwaka wa 2015 madaktari waliripoti kisa cha mwanamke mwenye saratani ya matiti aliyeshindwa kufanya shughuli zake za benki kwa sababu kapesitabini ilimfuta alama.

Globocan inakadiria kwamba Kenya ilipata karibu visa vipya 45,000 vya saratani mwaka wa 2022, na vifo zaidi ya 29,000. Si wote wanaotumia dawa hii. Na kati ya wanaoitumia, si wote watakaopoteza alama. Lakini matiti na utumbo ni kati ya saratani tunazoziona sana, na tembe ni rahisi kwa mgonjwa kuliko kulala na dripu. Hawa ni watu tunaoishi nao.

Kidole kina historia Isili

Kuna mitaa ambayo kidole kikikataliwa ni usumbufu tu. Eastleigh si mmoja wayo.

Hapa kwetu vitambulisho havijawahi kuwa jambo dogo. Mwaka wa 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi maalum ya rangi ya waridi. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi kutoka mtaa huu, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Ukiuliza mtu yeyote aliyekuwa Section One mwaka ule, atakuambia alikuwa wapi usiku huo.

Halafu kuna wale vijana wa Garissa na kwingineko kaskazini ambao wazazi waliwaandikisha utotoni kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikatambua vidole vyao kwenye rejista ya wakimbizi, mlango ukafungwa. Wakenya kamili, lakini kidole kimesema vingine. Hata agizo la Februari 2025 la Rais William Ruto la kuondoa msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho halikufuta kumbukumbu hizo.

Kwa hivyo weka picha hii akilini: mtu wa mtaa huu, jina la Kisomali, anafika kwa kaunta, na mashine inasema hawezi kutambuliwa. Kwa mtu mwingine hiyo ni "hebu jaribu tena". Kwa huyu, hofu ya miaka 30 inaamka. Wengine hawatabishana na karani. Watageuka warudi nyumbani, watafute doo waende kununua dawa kwa pesa taslimu. Ama wakose, waruke raundi.

Kuna jirani yetu mmoja, sote tunamwita Eddo kwa heshima, ambaye ana duka la madera. Yuko kwa tembe hizi. Siku moja simu yake ilikataa kidole mara tano mbele yangu. Akacheka, akabonyeza PIN, ikafunguka. "Mwanangu, hata simu yangu hainijui siku hizi," akaniambia.

Kampuni zinazotengeneza simu zilielewa kitu fulani muhimu. Kidole kikikataa, simu haisemi wewe ni mwizi. Inakupa PIN. Simu ya elfu kumi ya Garissa Lodge ina mlango wa pili. Basi bima ya taifa zima haiwezi kuwa na mlango mmoja.

Macho ya watu

Kuna upande mwingine ambao hauko kwa kaunta. Huu ni mtaa wa biashara. Mikono yako iko mbele ya mteja siku nzima: unakunja kitambaa, unahesabu pesa, unapokea simu. Viganja vikiiva weusi ghafla, watu wana maelezo yao tayari. Kuna atakayesema ni jini. Kuna atakayesema ni ugonjwa wa kuambukiza na aogope kupokea chenji.

Si kapesitabini peke yake. Doksorubisini inaweza kuchora mistari myeusi kwenye kucha. Bleomisini, ambayo hutumika kwa baadhi ya saratani za tezi, inaweza kuacha michirizi mgongoni inayofanana kabisa na alama za kuchapwa viboko. Imatinibu, tembe za aina moja ya saratani ya damu, inaweza kumfanya mtu mweusi awe mweupe, na mtaani atasemwa kwamba anajichubua. Mtu anapigana na saratani huku akijieleza kwa majirani kwamba hakupigwa na hatumii krimu.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayoambukiza. Ni dawa inafanya kazi na kuacha alama zake. Ukijua hilo, kazi yako ni rahisi: mpe mtu mkono.

Hina je?

Hili swali lazima liulizwe Eastleigh. Mwaka wa 2008 madaktari wa Uturuki waliripoti kwamba wagonjwa 10 waliopakwa hina walionekana kupata nafuu ya mikono iliyoathiriwa na kapesitabini. Ni ripoti ya kufurahisha, lakini watu 10 ni wachache mno kukuambia uiamini kama tiba.

Na kuna hina na hina. Ile "hina nyeusi" inayoshika kwa dakika chache mara nyingi ina kemikali ya rangi ya nywele inayoitwa PPD, ambayo inaweza kuchoma ngozi nzima, sembuse ngozi iliyochubuliwa na kemo. Isitoshe, hina inaficha viganja na kucha ambazo daktari anataka kuziona. Kuna harusi? Muulize daktari kwanza.

Kilicho na ushahidi bora ni cha kawaida zaidi. Krimu yenye yurea ya asilimia 10 ilifanya vizuri kwenye utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka wa 2015. Na mwaka wa 2024 watafiti wa India walichapisha matokeo ya wagonjwa 264: kati ya waliopaka mikono jeli ya diklofenaki, ile ya maumivu ya misuli, asilimia 3.8 ndio waliopata shida ya kiwango cha kati au kikali, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliopaka jeli tupu. Hii ni jeli ambayo kemisti nyingi wanayo. Usijianzishie mwenyewe, mwambie daktari wako umeisikia. Na usidhani italinda alama za vidole. Hicho hakikupimwa.

Zaidi ya hapo: epuka maji moto sana, vaa glavu ukifua, vaa viatu visivyobana. Maumivu yakianza, piga simu hospitali siku hiyo, usingoje kliniki. Daktari anaweza kusimamisha tembe kwa siku chache ama kupunguza dozi, na hiyo ni sehemu ya kawaida ya matibabu. Kinachoharibu ni kujikaza kimya, ama kuacha dawa kimya.

Kifanyike nini?

Tuanze na mgonjwa na familia yake. Kama daktari ametaja kapesitabini, hakikisha usajili wa alama za vidole umekamilika kabla ya tembe ya kwanza. Ukisajiliwa ukiwa katikati ya matibabu, mashine inaweza kuhifadhi picha mbovu. Omba visomwe vidole vyote, si kimoja, kwa sababu kingine kinaweza kubaki kikisomeka. Omba barua ya daktari inayotaja dawa na athari hii, na ubebe nakala, iwe unaenda hospitali, benki au uwanja wa ndege. Kazi hii ni yetu sisi vijana. Wazazi wetu hawatauliza kuhusu mashine, sisi ndio tunajua kuuliza.

Upande wa hospitali, daktari ama nesi anayetoa dawa hii aseme mapema kuhusu vidole, kama anavyosema kuhusu kutapika na kuharisha. Ni sentensi moja.

Upande wa serikali, mlango wa pili uandikwe na ubandikwe ukutani pale kwa kaunta, kwa Kiswahili na Kisomali pia kama ni hapa kwetu. Kidole kikikataa, nini kinafuata? Nani ana ruhusa ya kuidhinisha? Kwa dakika ngapi? Hii si kuomba muujiza. IEBC iliweza: mwaka wa 2022, mpiga kura aliyekataliwa na mashine ya KIEMS alitafutwa kwa nambari ya kitambulisho, Fomu 32A ikajazwa mbele ya mawakala, akapiga kura. Kama tuliweza kulinda kura ya mtu asiye na alama za vidole, tunaweza kulinda matibabu yake.

Wala huo mlango wa pili si lazima uwe mwanya wa wizi. Mgonjwa wa saratani ana faili, ana majibu ya maabara, ana daktari aliyesajiliwa anayeweka sahihi, ana sura inayojulikana wodini. Njia hiyo ikitumika, iandikwe ni nani aliyeidhinisha na lini, ili mkaguzi akija akute jina.

Sheria nayo iko upande wa mgonjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatoa haki ya kiwango cha juu cha afya. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inasema mtu ana haki ya kutowekwa chini ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Ukitafsiri kwa lugha ya mtaa: mashine ikisema hapana, una haki ya kudai binadamu akuangalie.

Kwa hivyo ukimsindikiza mathe kwa kliniki mwezi huu, usikae tu kwenye benchi ukiskroli. Nenda kwa kaunta, uliza kwa heshima: vidole vyake vikikataa, mtafanya nini? Uliza kabla havijakataa. Wakikupa jibu wazi, liandike na uwaambie wengine walio kwenye foleni. Wakikosa jibu, andikia Wizara na umwandikie mbunge wako. Swali hili likiulizwa na watu wengi, kwenye kaunta nyingi, itabidi mtu alijibu.